Kutangulia si Kufika
Kwa nini ndege hukaribia kutua, kisha ikarudi juu?

Ndege imetoka Lubumbashi, nayo yakaribia uwanja wa N'Djili, Kinshasa. Abiria wamekwisha kufunga mikanda. Magurudumu yamesikika yakishuka. Dirishani mabati ya nyumba yaonekana wazi, na miti, na watu wakipita njiani. Mama mmoja amekwisha kumwamsha mtoto wake na kumvika viatu. Mara injini zanguruma kwa nguvu, pua ya ndege yainuka, abiria wakandamizwa vitini mwao, na yale mabati yaliyokuwa karibu yawa madogo tena, mpaka wingu linayafunika.

Hapo kila mtu ana neno lake. Huyu asema rubani hakuiona njia. Yule asema injini imeharibika. Mwingine amekwisha kutoa rozari mfukoni. Tena kinachowatia hofu zaidi ni kwamba rubani mwenyewe hasemi kitu. Zapita dakika mbili, zapita tatu, ndipo sauti yake yasikika, tulivu kabisa: tutazunguka, kisha tutatua. Baada ya robo saa ndege yatua salama, na jioni ile nyumbani kila abiria asimulia jinsi alivyoponea chupuchupu.

Wasomaji wapenzi, habari za namna hii twazisikia mara kwa mara, nazo husimuliwa karibu kwa maneno yale yale: rubani alishindwa kutua. Katika makala hii twapenda kuonyesha kwamba mambo yalikuwa kinyume. Rubani yule hakushindwa. Alifanya kazi yake, na pengine aliifanya vizuri kuliko siku zote ambazo abiria hawakuona ajabu yo yote.

Kutua ni kazi ya namna gani

Wengi hudhani ya kuwa ndege hutua kama ndege wa porini: huchagua mahali, hukunja mabawa, hushuka. Sivyo. Ndege kubwa ya abiria huanza kujipanga mbali sana na uwanja. Hushuka kwa mteremko mdogo wa digrii 3, maana yake kila ikienda mbele meta 1000 hushuka meta 50 na kidogo. Kwa hiyo ikiwa juu ya ardhi meta 300, bado imebakiza kilometa 6 hivi mpaka njia ya kutua. Nayo huenda kwa mwendo wa kilometa 250 kwa saa, au karibu na hapo, ikiwa na uzito wa tani nyingi. Toka meta 300 mpaka chini ni muda usiozidi dakika moja na nusu.

Katika muda huo mfupi mambo mengi hayana budi kuwa sawa kwa pamoja. Mwendo usizidi wala usipungue. Mteremko usiwe mkali. Ndege iwe imeelekea katikati ya njia. Magurudumu yawe yameshuka na kufungwa imara. Vile vibao vinavyopanua mabawa viwe vimetolewa kadiri inavyotakiwa. Basi mashirika ya ndege yamewawekea marubani wao kipimo: ndege ikifika meta 300 juu ya ardhi, hasa katika mawingu, au meta 150 ikiwa anga ni nyeupe, yote hayo yawe tayari. Kama hata moja halijawa sawa, sheria haisemi rubani ajaribu kulitengeneza upesi upesi huku akishuka. Sheria yasema: arudi juu, azunguke, aanze upya.

Yafaa kuelewa sababu yake. Kosa dogo lililopo juu huwa kubwa chini. Ndege inayokuja kasi kupita kiasi haigusi ardhi pale inapotakiwa. Yaelea mbele, na kila nukta moja inayopita yala meta 70 za njia. Mwisho wa njia hauwezi kusogezwa. Watu wa Goma walilijua jambo hilo kwa macho yao: Januari 2002 volkano ya Nyiragongo ilipolipuka, moto wa mawe ulifunika sehemu ya kaskazini ya njia ya uwanja wao, na kwa miaka mingi ndege zilibidi kutua na kuruka katika kipande kilichobaki.

Mambo yanayomrudisha rubani juu

Sababu ya kwanza ni hewa. Katika nchi zetu za mvua, wingu la radi huweza kusimama juu ya uwanja kwa nusu saa, kisha likaondoka kana kwamba halikuwapo. Chini ya wingu hilo upepo hubadilika ghafula: mara wasukuma ndege kwa mbele, mara kwa nyuma, na pengine humwagika kutoka juu kama maji ya ndoo, ukaikandamiza ndege chini. Rubani akihisi hivyo, au chombo chake kikimpigia kelele, hangoji.

Sababu ya pili ni macho. Katika ukungu au mvua nzito rubani hufuata mawimbi ya redio yanayotoka uwanjani, nayo humwongoza karibu sana na ardhi. Lakini kuna kimo ambapo hana budi kuamua. Kwa viwanja vingi vyenye chombo hicho, kimo hicho ni meta 60. Akifika pale na kuziona taa za njia, atue. Asipoziona, arudi juu. Hapana nafasi ya kusema, ngoja nishuke kidogo tu, huenda nikaziona.

Sababu ya tatu ni njia yenyewe. Labda ndege iliyotua mbele imechelewa kuondoka. Labda gari la kazi limevuka, au mbuzi, au kundi la ndege wa porini. Hapo mara nyingi ni mnara wa uwanja unaotoa amri, na rubani hutii pasipo kuuliza maswali. Tena yapo mambo ya ndani ya ndege: taa ya gurudumu isiyowaka, au ndege iliyogusa ardhi ikadunda juu kama mpira.

Mtaona kwamba katika sababu hizi zote hakuna hata moja iliyo msiba. Ni mambo ya kazi. Watu wanaochunguza habari za anga wakadiria kwamba katika kila safari 1000 za kutua, ndege hurudi juu mara moja mpaka tatu hivi. Rubani aweza kukaa miezi mingi asilifanye jambo hilo. Kwa hiyo hufundishwa kulifanya katika chombo cha mazoezi kilicho mfano wa chumba cha marubani, ili siku litakapomjia mikono yake isisite.

Kwa nini rubani hunyamaza

Tumesema kwamba kimya cha rubani huwatia watu hofu. Kumbe kimya kile ni alama ya mtu mwenye kazi. Anapoamua kurudi juu, hutamka neno hilo kwa sauti ili mwenziwe asikie, huzipa injini nguvu, huinua pua ya ndege. Msaidizi hupunguza vibao vya mabawa hatua moja. Wakiisha kuona kwa hakika kwamba ndege yapanda, huinua magurudumu. Kisha hufuata njia iliyoandikwa katika ramani ya uwanja ule: pandeni mpaka kimo fulani, pindeni upande fulani. Halafu hunena na mnara. Yote hayo hutendeka katika muda wa kusali Baba Yetu mara moja au mbili.

Marubani wote hufundishwa utaratibu huo: kwanza irushe ndege, pili ijue njia yake, tatu ndipo unene. Abiria ni wapenzi, lakini zamu yao ya kuambiwa ni ya mwisho.

Tena njia ile ya kurudi juu haikubuniwa papo hapo. Marubani waliisoma na kuizungumza kabla hawajaanza kushuka. Nayo mafuta yalikwisha kuhesabiwa kabla ya kuondoka: ya safari, ya kwendea uwanja mwingine kama wa kwanza umefungwa, na juu yake akiba ya mwisho ya dakika 30 kwa ndege za jeti. Kwa hiyo rubani aliyerudi juu ana mambo matatu ya kuchagua: ajaribu tena, angoje angani mpaka dhoruba ipite, au aende mahali pengine.

Usiku mmoja wa San Francisco

Tarehe 7 Julai 2017, karibu na saa sita ya usiku, ndege ya Air Canada iliyotoka Toronto ilikuwa ikitua San Francisco, Marekani. Ndani yake walikuwamo watu 140. Njia moja ya uwanja ilikuwa imefungwa na taa zake zimezimwa. Marubani wakadanganyika, wakaielekea njia ya pembeni ambapo ndege nyingine nne zilikuwa zimepanga mstari, zimejaa abiria na mafuta, zikingoja kuruka.

Marubani waliona taa ambazo hawakuzitazamia. Wakauliza mnara, mnara ukajibu kwamba njia ni tupu, maana ile njia ya kweli ilikuwa tupu. Lakini waliendelea kuona kwamba kuna jambo haliko sawa, na mwishowe wakaamua kurudi juu, hata kabla amri ya mnara haijawafikia. Ndege ilipoanza kupanda ilikuwa imeshuka mpaka kimo cha meta 18 hivi. Ilipita juu ya zile zilizongoja. Hakuna aliyeumia hata kidole.

Marubani wale walikosea, nao uchunguzi ulilisema wazi kosa lao. Lakini walipoona shaka hawakuizima shaka yao. Laiti wangalisema, tumefika karibu mno, haifai kurudi, ulimwengu ungeliomboleza.

Asiyesikia la mdogo

Sasa tutazame upande wa pili. Tarehe 22 Mei 2010 ndege ya Air India Express, aina ya Boeing 737, ilitoka Dubai ikafika Mangalore, Uhindi, asubuhi. Uwanja wa mji ule uko juu ya kilima, na pembeni mwake kuna mabonde. Ndege ilikuja ikiwa juu sana, na ikashuka kwa mteremko mkali kupita kiasi. Rubani mkuu alikuwa mtu mwenye uzoefu wa miaka mingi, na katika safari ile alikuwa amelala usingizi kwa muda mrefu. Rubani msaidizi aliona hatari. Akamwambia mkuu wake warudi juu. Akarudia. Akasema na mara ya tatu.

Mkuu hakusikia, akaendelea kushuka. Ndege ikagusa ardhi ikiwa imekwisha kupita zaidi ya nusu ya njia. Mwisho kabisa, baada ya kuanza kufunga breki, mkuu alijaribu kuruka tena. Wakati ulikuwa umepita. Ndege ilivuka mwisho wa njia ikaanguka bondeni, ikawaka moto. Katika watu 166 waliokuwamo, 158 walikufa.

Wazee wetu wametufundisha kwamba asiyesikia la mkuu huvunjika guu. Neno hilo ni la kweli, wala hatutaki kuliondoa katika malezi ya watoto wetu. Lakini pale Mangalore mdogo ndiye aliyekuwa na neno la kweli, na mkubwa ndiye aliyekataa kusikia. Kwa sababu ya misiba kama hiyo, mashirika mengi yameweka sheria: mmoja wa marubani wawili, awaye yote, hata akiwa kijana aliyetoka chuoni jana, akitamka neno la kurudi juu, mwenziwe atende mara moja. Maswali yatakuja baadaye, wakiwa salama. Tena wameagiza kwamba rubani asiadhibiwe kwa sababu amerudi juu.

Kurudi kuna saa yake

Isije ikadhaniwa kwamba kurudi juu ni dawa isiyokosa. Wakongomani twayo sababu ya kulijua hilo. Tarehe 4 Aprili 2011 ndege ya jeti iliyotumiwa na Umoja wa Mataifa ilitoka Goma, ikapitia Kisangani, ikafika Kinshasa wakati wa dhoruba kali. Marubani waliendelea kuikaribia njia ya N'Djili katika hali ile ya hewa. Walipoanza kurudi juu walikuwa karibu na ardhi, na upepo wa dhoruba ukaikandamiza ndege chini. Katika watu 33 aliokoka mmoja. Miezi mitatu tu baadaye, tarehe 8 Julai, ndege nyingine, Boeing 727 ya Hewa Bora, ilianguka ikijaribu kutua Kisangani, nayo pia katika hali mbaya ya hewa. Nyumba nyingi nchini mwetu zavaa huzuni mpaka leo kwa ajili ya siku hizo mbili.

Tena lipo fundisho la Dubai. Tarehe 3 Agosti 2016 ndege kubwa ya Emirates ilikuwa imekwisha kugusa ardhi, rubani alipotaka kurudi juu. Alibonyeza kitufe cha kuzipa injini nguvu, lakini kitufe hicho hakifanyi kazi magurudumu yakiwa yamegusa chini. Na marubani hawakutambua upesi kwamba injini hazijaongeza nguvu. Ndege ilipanda kidogo ikaanguka njiani. Watu wote 300 waliokuwamo walitoka hai; mzimamoto mmoja alipoteza maisha yake akiwatumikia. Basi, kurudi juu kwataka kuamuliwa mapema, na kwataka mikono iliyozoezwa.

Mbona ni vigumu?

Kama jambo lenyewe ni la usalama hivyo, kwa nini marubani wasilitende kila linapotakiwa? Shirika la Flight Safety Foundation la Marekani lililichunguza swali hilo kwa miaka kadha. Likaona kwamba ndege inapofika karibu na ardhi bila kuwa imetulia kama sheria itakavyo, basi katika kila mara 100, marubani huendelea kutua karibu mara 97. Watatu tu ndio hurudi juu.

Hawa si watu wajinga, wala hawataki kufa. Ni watu kama sisi. Wamechoka, na njia i mbele yao. Walitua jana na juzi namna ile ile, na halikutokea jambo. Waona haya mbele ya abiria, na mbele ya mwenzao. Waogopa swali la mkubwa wa kazi kuhusu mafuta na saa. Kadiri lengo linavyokaribia, ndivyo moyo unavyozidi kuwa mzito kuligeuzia mgongo. Wahenga walilisema zamani, kwamba kutangulia si kufika.

Nasi tulio chini

Kanisa latufundisha fadhila nne za msingi, na ya kwanza yao ni busara. Wengi hudhani ya kuwa busara ni woga uliovaa nguo nzuri. Rubani anayerudi juu atuonyesha busara ilivyo: kuiona kweli kama ilivyo, si kama tunavyoitamani, na kuitenda upesi. Mamajusi walikuwa wamepanga kurudi kwa Herode. Walipoonywa, walibadili njia, wala hakuna Mkristu anayewacheka kwa hayo.

Mama yule wa rozari hakukosea. Mwaka 1920 Baba Mtakatifu Benedikto XV alimweka Bikira Maria wa Loreto kuwa msimamizi wa wote warukao angani, na kumwomba ni vema. Lakini sala haikumkataza rubani kuhesabu mafuta yake kabla ya kuondoka.

Kwa hiyo twawaomba wasomaji wetu jambo moja. Kati yetu wanaopanda ndege ni wachache, lakini wanaopanda magari na mashua za ziwani ni wengi. Mara ngapi tumemsukuma nahodha aondoke ingawa mawimbi yamechafuka, kwa kuwa soko latungoja? Mara ngapi tumemcheka dereva aliyesimamisha gari mbele ya daraja lenye maji, akasema, tulale hapa? Na wewe kijana uliye shuleni, mkubwa wako akikosea hesabu ya jambo la hatari, mwambie kwa heshima. Asiposikia, mwambie tena. Na wewe mzazi, mwanao akikuambia hivyo, usimwulize ana umri gani. Tazama kwanza kama asemalo ni kweli.

Siku ndege yako itakapoinua pua yake ghafula na kuuacha uwanja chini, mshike mtoto wako mkono, umwambie kwamba rubani ameona jambo ambalo sisi hatukuliona. Na mtakapofika chini, kama yuko mlangoni, mpe asante.